Pumzi itangulie, mwili ufuate

Hebu nikuulize, msomaji. Mara ya mwisho ulipoinua mtungi wa gesi, au ulipombeba mtoto aliyelala kutoka kwenye kochi hadi kitandani, pumzi yako ilikuwa wapi? Jaribu kukumbuka. Kama wewe ni kama nilivyokuwa mimi, basi uliifungia kifuani, ukakaza shingo, ukauma meno, na ukaiachilia tu mzigo ulipofika ulikokuwa ukienda.

Mimi nilipata funzo langu Jumamosi moja asubuhi mwaka 2021. Binti yetu, wakati huo akiwa na miaka 3, alininyooshea mikono nimbebe. Nikainama, nikabana pumzi, nikamvuta juu kwa pupa. Nilisikia kitu kama uzi ukikatika chini ya mgongo. Nikamrudisha chini polepole, nikalala sakafuni, na hapo nikabaki karibu saa nzima nikitazama dari, huku mtoto akinifunika kwa leso ya mama yake akidhani tunacheza.

Daktari alinipima akasema mifupa haina neno. "Kazi yako ni ya kukaa," akaniambia. "Misuli ya tumbo na ya mgongo imelala. Ukitaka kumbeba binti yako tena, itafutie mazoezi." Kwa miezi kadhaa, kila alipokuja mbio akininyooshea mikono, nilichuchumaa nikamkumbatia papo hapo chini. Hatimaye akaacha kuninyooshea. Akiniona tu, anapita kando yangu anamwendea mama yake. Hilo, msomaji, liliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Ndivyo nilivyojikuta katika darasa la yoga. Labda utacheka. Hata mimi nilidhani hayo ni mambo ya wenye nafasi kule Karen na Westlands. Lakini mwalimu wetu alikuwa kijana wa Eastlands, mmoja wa wale waliofunzwa na Africa Yoga Project, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na Mmarekani aitwaye Paige Elenson. Shirika hilo limewafunza vijana wengi wa mitaa kama Kibera na Mathare kazi ya kufundisha mazoezi hayo, nao wakarudi kuyafundisha mitaani mwao.

Yoga aliyotufundisha si ile ya kukaa ukikunja miguu na kufumba macho. Ni ya mwendo. Unatoka mkao mmoja unaingia mwingine bila kukatiza, kama maji yanavyoshuka mlimani. Wahindi huuita mtindo huo vinyasa. Mzee mmoja aitwaye Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1989 akiwa na miaka 100, alifundisha mazoezi ya namna hiyo katika kasri la mfalme wa Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Mwanafunzi wake, Pattabhi Jois, ni mmoja wa walioyatangaza hadi yakafika Ulaya na Marekani, na kutoka huko yakatufikia sisi.

Kanuni yake ni rahisi kuisema. Mikono inapopanda, unavuta pumzi. Unapoinama, unaitoa. Unapoinua kifua nusu, unavuta. Unaporudisha miguu nyuma na kujishusha hadi kifua kikaribie sakafu, unatoa. Unapoinua kifua kama swila aliyeudhiwa, unavuta. Unaporudisha makalio juu kama mbwa anayejinyosha baada ya usingizi, unatoa. Kila hatua ina pumzi yake.

Kuisema ni rahisi, kuitenda kulinishinda. Mikao yenyewe niliiweza. Kusimama kama ubao juu ya viganja niliweza. Swila niliweza. Balaa ilikuwa pale katikati, wakati wa kushuka kutoka ubao. Hapo mikono ilitetemeka, kiuno kikalegea, nikaanguka kifudifudi kama gunia la viazi. Mwalimu akaja akanigusa bega. "Kaka," akasema, "mikao unayo. Unachokosa ni njia ya kutoka mmoja kwenda mwingine. Na njia hiyo ni pumzi. Wewe unaikata kila unaposhuka."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Nilidhani ninachohitaji ni mikono yenye nguvu zaidi. Nikaanza kupiga pushapu usiku chumbani. Mgongo ukarudia kuuma.

Nilikuja kuelewa mahali ambapo sikutarajia hata kidogo, yaani El Wak, katika Kaunti ya Mandera.

Ilikuwa Septemba 2022. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha uandishi wa habari anatoka huko, naye alikuwa akienda kuwaona watu wake. Mvua ilikuwa imekosa kwa misimu minne mfululizo, na ya tano nayo ingekuja kukosa. Nikaomba kufuatana naye ili niandike habari za ukame.

Kutoka Nairobi hadi mji wa Mandera ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara, kupitia Garissa na Wajir, na El Wak iko kabla ya kufika huko, jirani kabisa na mpaka wa Somalia. Msomaji wa mjini anapoisikia barabara hiyo hukumbuka mabaya yake, nami sikuwa tofauti. Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa baada ya kutenganishwa kwa dini. Mwaka uliofuata, mnamo Desemba 21, 2015, basi jingine lilivamiwa karibu na El Wak. Safari hiyo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Akina mama wengine wakawavisha Wakristo mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwakinga wenzake, akafariki Januari 2016. Mimi ni Mkristo. Nilipanda basi hilo nikiwa na majina hayo yote kichwani.

Kila kizuizi cha polisi tulichofika, tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Kwenye vizuizi vyenyewe sikuwa na hofu kubwa. Hofu ilinishika katikati, pale basi lilipokuwa peke yake kati ya kizuizi kimoja na kingine, vichaka pande zote na vumbi nyuma. Wakati mmoja dereva alipunguza mwendo ghafula kwa sababu ya ngamia barabarani, nami nikagundua kwamba nimebana pumzi kwa muda mrefu mno. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Mgongo, mahali pale pale pa zamani, ulikuwa umekaza kama waya. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alinitazama, akafungua mfuko wake, akanipa tende mbili bila kuniuliza jina. Nikazila polepole, nikapumua.

Jina El Wak maana yake ni visima vya Mungu. Waaq ni jina la kale la Mwenyezi Mungu kwa watu wa pembe hii ya Afrika, na Waoromo wangali wanalitumia. Siku hizi kuna visima vya pampu, lakini watu wa rafiki yangu walikuwa wakinywesha ngamia wao katika kisima kilichochimbwa kwa mkono nje ya mji. Kiangazi kile maji yalikuwa yameshuka chini sana. Wanaume walisimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja kwenye kidato chake cha udongo, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi kwenye birika la kunyweshea juu.

Fikiria hesabu hii. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 na zaidi kwa dakika chache. Ndoo zile zilichukua karibu lita 10 kila moja, yaani kilo 10. Ngamia mmoja ni ndoo 10. Ngamia 11 ni ndoo 110, na kila ndoo hupita katika mikono ya kila mtu aliye ndani ya kisima. Wanaume hao hawakuwa na vifua vipana kama vijana wa jimu zetu za Nairobi. Wengi walikuwa wembamba, na mmoja wao alikuwa na mvi.

Nikaomba kuingia. Wakacheka, lakini wakanipa kidato cha juu, ambako mtu akichoka ni rahisi kutoka. Walipoanza, walianza na wimbo. Maneno sikuyaelewa, ila mpigo niliusikia. Sikuutilia maanani, niliona ni wa kujiburudisha tu. Nilipokea ndoo, nikabana pumzi, nikaipandisha. Nikapokea nyingine, nikabana, nikapandisha. Ndoo kama 20 hivi zilipopita, macho yalianza kuona nyota. Nikachelewa nusu mpigo, ndoo iliyokuwa ikishuka ikagongana na iliyokuwa ikipanda, na maji yote yakamwagika kichwani mwa kijana aliyekuwa chini yangu.

Wakanyamaza wote. Katika mwaka kama ule, kumwaga maji ya ngamia si jambo la kuchekea.

"Neef!" mzee aliyesimama juu akaniambia. "Neef! Neef!"

Nikageuka kumtafuta mnyama. Asubuhi ile rafiki yangu alikuwa amenifundisha neno hilo tulipokuwa tukihesabu mifugo. Neef ni mnyama mmoja, kama tusemavyo kichwa kimoja cha ng'ombe. Kabla ya ukame familia yake ilikuwa na neef 40 za ngamia, akaniambia, na sasa zilibaki 11. Nilidhani mzee ananiambia nimemnyima mnyama wake maji.

Rafiki yangu akainama ukingoni akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Walaal," akaniita, yaani ndugu, "adeer hasemi habari za ngamia. Neef ni pumzi pia. Anakwambia pumua!"

Adeer ni baba mdogo au baba mkubwa, ndugu wa baba, na ndivyo sote tulivyomwita mzee yule. Alikuwa amejifunza Kiswahili sokoni Isiolo, akiuza ng'ombe ujanani. Akachuchumaa ukingoni akanieleza kwa utaratibu, kama anavyoelezwa mtoto. "Kijana, wimbo si wa kupendeza ngamia peke yake. Ndoo ikipanda, toa sauti. Mikono ikishuka kupokea, nyamaza, na hewa itaingia yenyewe. Wewe umefunga mdomo kama mwizi. Mtu akifunga pumzi, mkono unakuwa mti. Mti haupokezani ndoo."

Nikaimba, msomaji. Niliimba maneno nisiyoyajua, nikiyakosea vibaya, lakini kila ndoo ilipopanda sauti ilitoka, na sauti ilipotoka pumzi ilitoka nayo. Mikono ilipokwenda chini, nilinyamaza na kifua kikajaa chenyewe. Sikuwa nimeongeza nguvu hata chembe. Lakini ndoo zilionekana kuwa nyepesi zaidi, na ile katikati, pale ndoo inapotoka mikono ya mmoja na haijafika katika mikono ya mwingine, haikunitisha tena. Nilidumu hadi ngamia wa mwisho. Jioni mgongo ulikuwa umechoka, lakini haukuniuma.

Usiku huo, baada ya chai ya maziwa ya ngamia, nilimweleza adeer habari za yoga. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo najua wasomaji wengi, Waislamu kwa Wakristo, wamekuwa wakijiuliza. "Hiyo si ibada ya watu wengine?"

Ni swali la haki. Mzunguko nilioueleza hapo juu huitwa kwa Kisanskriti salamu kwa jua, na mtu anayemwabudu Mungu mmoja ana sababu ya kushtuka. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa kuhofia nyimbo za ibada za Kihindu zinazoambatana nayo. Siku chache baadaye waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akasema mazoezi ya mwili pekee, bila nyimbo hizo, hayana neno. Nilimwambia adeer kwamba darasani kwetu hatuimbi wala hatuombi. Tunanyosha mgongo tu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika nusu, akasimama kwenda kuswali.

Nilimtazama kwa mbali. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Alirukuu mgongo ukiwa umenyooka, akasimama, akasujudu, akakaa, akasujudu tena, kisha akainuka kutoka chini hadi wima bila kushika ukuta wala kuguna. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida 2. Hizo ni sijida 34. Mzee wa Nairobi wa umri huo huhitaji kushikwa mkono kutoka kwenye sofa.

Aliporudi nikamwambia nilivyoshangaa. Akanikosoa mara moja. "Swala ni ibada, si mazoezi. Usiandike kwamba ni mazoezi." Nami naandika alivyosema. Lakini akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Akasema mtu anayeswali hatamki takbira akiwa ametulia tu katika hali moja. Huitamka akiwa anahama, anaposhuka na anapoinuka. Wanazuoni wana jina lake kabisa: takbira za intiqali, maana yake takbira za kuhama kutoka hali moja hadi nyingine. "Hata wakati wa kuhama," akasema, "usiende kimya. Mtaje aliyekupa hiyo pumzi."

Hapo ndipo maneno ya mwalimu wangu wa Eastlands yalipoingia mahali pake. Sisi watu wa mjini tunaijali mikao. Tunajali kufika, kukaa, kuonekana tumesimama wima. Katikati tunapita kwa kubana meno. Na katikati ndiko tunakovunjikia mgongo.

Sayansi nayo inaunga mkono jambo hili. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana ambao wanafunzi wa biolojia wanaujua kwa jina la kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka; ukitoa, hupanda. Msuli huo haufanyi kazi ya hewa pekee. Ukishirikiana na misuli ya tumbo, ya nyonga na ile midogo inayoshika uti wa mgongo, huutegemeza mgongo kutoka ndani. Unapotoa pumzi kwa taratibu, misuli ya ndani ya tumbo hujikaza yenyewe na kuushika mgongo wakati ule ule mzigo unapopanda. Ukibana pumzi kwa nguvu, mgongo utakaza, ni kweli, na wanyanyua vyuma waliofunzwa hufanya hivyo kwa sekunde chache. Lakini shinikizo la damu hupanda ghafula, na mwili mzima huwa kipande kimoja kisichoweza kugeuka. Kwa mtu anayehitaji kuendelea na mwendo, hiyo ni hasara.

Kama ungependa kujaribu nyumbani, usianze na makubwa. Tandika mkeka. Simama, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4 huku mikono ikipanda. Itoe ukihesabu hadi 4 huku ukiinama, magoti yakiwa yamelegea. Acha pumzi ianze kidogo kabla ya mwili, na imalize baada ya mwili kufika. Ukifika kwenye ubao na huwezi kushuka bila kutetemeka, weka magoti chini, si aibu. Shuka ukitoa pumzi tu, na pumzi ikiisha kabla hujafika, hiyo ni ishara kwamba umekwenda haraka mno au umejitwika zaidi ya uwezo. Mizunguko 3 inatosha wiki ya kwanza. Mwenye presha, mjamzito, au aliyewahi kuumia mgongo kama mimi aulize daktari kwanza. Nawe mwanafunzi unayekaa saa nyingi juu ya vitabu, simama kila baada ya saa moja ufanye hata huo wa mikono peke yake.

Niliporudi Nairobi sikupiga tena pushapu za usiku. Nilirudi darasani, na kila niliposhuka kutoka ubao nilitoa pumzi kwa mvumo mdogo kooni, nikiukumbuka wimbo wa kisimani. Wiki ya tatu nilishuka bila kuanguka. Mwalimu alinitazama, akatabasamu, akapita.

Jioni moja mwezi Novemba, binti yetu alikuwa amelala kwenye kochi. Alikuwa na miaka 4 sasa, na mzito zaidi. Mama yake alikuwa jikoni. Nilikunja magoti, nikamvuta karibu na kifua, nikavuta pumzi, kisha nikaanza kuitoa, na ilipokuwa ikitoka nikasimama naye. Nilifika chumbani, nikamlaza. Akafumbua jicho moja akauliza, "Baba, mgongo umepona?" Nikamwambia umepona.

Sasa ana miaka 7 na hataki kubebwa tena. Anasema amekuwa mkubwa. Mvua zilirudi kaskazini mwaka 2023, zikaja na mafuriko yake, na rafiki yangu aliniambia kwamba neef zile 11 zilipona zote. Kuhusu mtungi wa gesi, msomaji, huo bado uko jikoni kwako na siku moja utaisha. Utakapokwenda kuuinua mwingine, ukunjie magoti, uusogeze karibu na mwili, na uanze kutoa pumzi kabla haujatoka chini. Ukiweza, imba. Jirani akisikia, mwache acheke.